Bushi za nyuma za Benz ya arusi: gereji ya Kisumu niliyoridhika nayo

Gari langu ni Mercedes E220 ya 1994, ile ya modeli ya W124, nyeupe, na kazi yake ni kubeba maharusi kati ya Kisumu, Maseno na Kakamega. Bibi arusi huketi nyuma, kwa hiyo magurudumu ya nyuma ndiyo yanayonilisha. Yalikuwa yamenitia aibu. Nikiondoka tu kwenye lango la kanisa, ko! Nikishika breki, ko! tena. Siku za mvua, nikiteremka kutoka Majengo kuja Kiboswa, mkia uliyumba hadi abiria wakashika viti, na tairi za nyuma zililiwa upande wa ndani mpaka nyuzi zikatokeza.

Na bushi za nyuma, vile vipande vya mpira na chuma kwenye maungio ya magurudumu, zilikuwa zimebadilishwa mwaka mmoja tu kabla, katika gereji ya mji mwingine, nikalipa pesa taslimu.

Hii ninayoisifu iko Kisumu, upande wa viwandani, si mbali na Barabara ya Obote. Haina kibao. Uliza tu fundi wa Benz, utaonyeshwa. Aliinua gari, akachomeka mtalimbo kati ya amu, zile fito za chuma zinazoshika gurudumu, na fremu, akasukuma kidogo, kisha akaniita.

"Mama, njoo uone. Hii bushi haijazeeka. Imeuawa."

Mpira ulikuwa umechanika mduara mzima, ilhali ungali mweusi na laini kama wa juzi. Akanieleza kwa utaratibu, huku bushi nyingine kuukuu akiizungusha mkononi. Kila gurudumu la nyuma la gari hili linashikwa na amu 5, mtindo ambao Mercedes waliuanza mwaka 1982 kwenye modeli yao ya 190. Ndiyo sababu Benz hizi hutulia barabarani, na ndiyo sababu zina bushi nyingi hivyo. Bushi yenyewe ni bomba la chuma nje, bomba dogo ndani, na katikati mpira ulioshikana na yote mawili. Bolti ikishakazwa, bomba la ndani haligeuki tena. Amu ikipanda na kushuka, ni mpira unaojisokota na kujirudisha. Sasa fundi akikaza bolti gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia, mpira unafungwa katika hali hiyo. Gari likishuka chini, mpira umeshasokotwa hata kabla ya tuta la kwanza. Matuta ya barabara ya Kakamega humalizia kazi.

Spea nilileta mwenyewe kutoka Kirinyaga Road, Nairobi, zikafika kwa basi la usiku: Lemförder, chapa ya Kijerumani iliyo chini ya kampuni ya ZF. Ni ghali, na sijutii. Kenya haipokei magari yaliyopita miaka 8, kwa hiyo W124 zilizopo ni hizi hizi, na spea za mtumba hutolewa kwenye gari lenye uzee uleule na mpira uliokauka vilevile. Amu nyembamba nilinunua nzima na bushi zake. Bushi kubwa, ile inayokaa ndani ya chuma kinachobeba gurudumu, ndiyo iliyohitaji jasho.

Hapo nilisimama nikatazama. Springi ilibanwa kwa kifaa chake kabla ya amu ya chini kuguswa, hakuna kijana aliyeishusha kwa jeki na kumwachia Mungu. Bushi ya zamani ilivutwa nje kwa preshi ya skrubu, nyundo ikabaki sakafuni. Mpya ikapakwa maji ya sabuni. Kijana mmoja alinyoosha mkono kuchukua oili ya injini, fundi akamkemea palepale: oili hula mpira. Kisha magurudumu yakarudishwa, gari likashushwa juu ya shimo, wakalibonyeza mkiani mara kadhaa likae sawa, ndipo fundi akaingia chini na spana ya kupimia nguvu, akakaza bolti moja moja huku gari limebeba uzito wake lenyewe.

Bushi 4 zinazoshika fremu ya nyuma alizipima kwa mtalimbo akaniambia bado zina nguvu, niziache. Angeweza kuniuzia kazi hiyo na nisingejua.

Kasoro zipo. Preshi ni moja, kwa hiyo ukikuta gari lingine mbele yako utalala njaa ukisubiri. Pa kukaa ni benchi chini ya mwembe. Mashine ya alaimenti, ya kupima na kunyoosha mwelekeo wa tairi, hawana. Nilipelekwa kwingine mjini, na fundi akanisisitizia nidai tairi za nyuma zipimwe pia, kwa sababu wengi hupima za mbele tu, hali W124 ina bolti ya kurekebisha mwelekeo wa tairi za nyuma. Ilibidi nidai kweli.

Ufundi ulikuwa shilingi 14,000, mbali na spea na alaimenti. Tangu hapo nimepita Mbale na Chavakali na bibi arusi na wapambe wake wawili nyuma, gari limejaa, mvua inanyesha, na mkia umefuata mbele ulikokwenda. Ile ko! sijaisikia tena.

Ukienda, epuka Jumatatu, ni siku ya foleni. Beba spea zako, au acha amana wakuagizie, na uombe bushi za zamani: zangu nilipewa zote ndani ya gunia bila kuuliza mara mbili.