Tabibu wa mgongo Malindi: hakuna kuvunjwavunjwa

Kwa aliyezoea kukandwa Amu, mjini Lamu, kwa mafuta ya uta mpaka machozi yamtoke, matibabu haya ya kairopraktiki, ya kutibu mgongo na shingo kwa mikono, ni ya kimya mno. Siku ya kwanza nilidhani nimeliwa shilingi 3,000 zangu.

Mimi ni fundi wa nakshi. Miaka 26 nakaa mkekani, mlango mbele yangu, kichwa kimeinamia patasi. Ule mfaa wa mvule, nguzo ya katikati ya mlango, niliouchonga mwaka jana ndio ulionimaliza: shingo ikakataa kwenda kushoto. Punda akija nyuma uchochoroni, nageuka mwili mzima.

Nikavuka maji hadi Mokowe, nikapanda basi la Malindi. Miadi ilikuwa saa nne, nikaingia saa sita kasorobo, na hakuna aliyesema samahani. Tabibu mwenyewe, dada wa makamo, alinihoji karibu nusu saa. Mkono unakufa ganzi? Vitu vinakudondoka? Mkojo unatoka vizuri? Hilo la mkojo lilinikera, nimekuja na shingo mimi! Akanieleza kuwa ningejibu vibaya angenipeleka hospitali siku hiyohiyo, asinishike.

Kisha nikalala chali. Akaingiza vidole chini ya kisogo, akawa anabonyeza taratibu kama mtu anayechagua embe sokoni. Akipata penye ugumu anatulia hapo, ananiambia nivute pumzi, anangoja. Hakuna kilicholia. Nikamuuliza, “Mbona haijalia?” Akasema ule mlio ni gesi tu kwenye ute wa kiungo, si mfupa unaorudi mahali pake. Na shingo haizungushi kwa ghafla, maana mara chache mshipa wa damu unaopanda ubongoni huweza kuchanika.

Ukutani pana picha ya D.D. Palmer, aliyeanzisha kazi hii Davenport, Marekani, mwaka 1895. Husimuliwa kuwa alianza kwa kumbonyeza mgongo mtu mwenye uziwi, akasikia. Haya. Masikio yangu mazima.

Kilichonifaa zaidi hakikuwa kitandani. Alinipa kalamu niifanye patasi, nikae chini kama kazini. Akanitazama, akasema mlango uinuliwe mezani, ufike usawa wa kifua, na nisimame kila nikimaliza ua moja. Meza nimeshaipigilia.

Nilikwenda mara tatu. Baada ya ya kwanza niliumwa siku mbili, ya pili nikaanza kuona bega langu la kushoto. Mapokezi walining'ang'ania nilipie mara kumi kwa mpigo. Nilikataa, nanyi kataeni. Na mkirudi Amu, msikubali kiti cha nyuma. Matuta ya njiani yalinirudishia nusu ya maumivu.

Bibi yangu wa mtaa wa Mkomani, mkandaji, alicheka. “Elfu tatu kwa kushikwashikwa?” Nikamgeuzia shingo kushoto. Akaipapasa kimya, akasema kulia bado kumekaza. Kweli kumekaza.