Vaurien ya mbao kwenye mawimbi ya Kivu: uzoefu wangu

Kufufua boti yangu ndogo ya tanga hapa Ziwa Kivu, nimelipa dola 420 kwa kazi ya mbao, dola 110 kwa tanga na dola 50 kwa jile mbili, yaani vizibao vya kuelea. Kazi ya mbao naisifu kwa moyo wote. Jile pia. Tanga limetuangusha.

Boti yenyewe ni Vaurien ya zamani iliyolala miaka mingi chini ya mti wa avoka, katika kiwanja kimoja huku Muhumba, Bukavu. Aina hii ilichorwa mwaka 1951 na Mfaransa Jean-Jacques Herbulot, ili vijana wasio na pesa nao wajifunze tanga. Urefu wake ni mita 4.08, inabeba watu wawili, ina tumbo bapa na mwili wa tripleksi. Tripleksi ya boti inafanana kwa macho na ile tunayopigilia kwenye dari, ila mbao zake hugandishwa kwa gundi isiyoachia majini. Hapo wengi wanakosea. Ukiweka ya dari, msimu mmoja wa mvua unatosha kuifungua kama daftari lililoloa.

Fundi niliyempata ni mzee anayetengeneza boti za mizigo zinazokwenda kisiwa cha Idjwi. Hakuwahi kuona Vaurien. Alichukua nyundo ndogo ya mbao, akainama, akaanza kugonga tumbo la boti kutoka omo, yaani mbele, mpaka tezi, yaani nyuma, sikio likiwa karibu na ubao. Palipolia "ko" alipita. Palipolia kizito, bila mwangwi, alichora duara la chaki. Alichora maduara kumi na moja, mengine mahali ambapo rangi ilikuwa nzima kabisa na mimi ningeapa hapana tatizo. Alipokata, tukakuta uozo laini kama ugali. Kila kidonda alikikata mpaka akafika kwenye mbao kavu, akachonga kingo mshazari ili kiraka na ubao vilaliane, akatia epoksi, akabana siku mbili. Nilimwomba aharakishe. Akanijibu, "Mwanangu, gundi haijui kama una haraka." Ilichukua wiki tano, na leo ningemwongezea ya sita kama angeomba.

Tuliijaribu Agosti. Mnaoishi hapa mnajua: asubuhi ziwa limetulia na wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, wanarudi na pirogi zao, yaani mitumbwi, zilizofungwa pamoja kwa miti. Jua likishapanda, upepo unaanza kutoka ziwani, na siku nyingine, ukishapita ncha ya rasi, mawimbi yanakuwa mafupi na yanafuatana bila nafasi. Kwa boti ya tumbo bapa mawimbi hayo ni mabaya kuliko makubwa, kwa sababu haipati muda wa kupanda na kushuka. Inapigwa tu.

Rafiki yangu ana boti ya plastiki yenye ukubwa wa kukaribiana na yangu. Tukapatana kushindana mizunguko mitatu: kutoka ghubani, kuzunguka jerikani la njano tulilolifunga jiwe, na kurudi. Mdogo wangu wa kike alikaa mbele, mimi kwenye usukani.

Kwenda ilikuwa kupiga bisho tupu, yaani kupanda dhidi ya upepo kwa mshazari. Kila wimbi liligonga omo kama mlango unaobamizwa, na mbao zilipinda kidogo kisha zikarudi, nilizihisi mapajani. Kiraka kikubwa kuliko vyote kiko karibu na goti langu la kushoto. Mzunguko mzima wa kwanza nilikuwa nakigusa kwa kiganja, nikingojea maji. Kilibaki kikavu kwa ndani. Maji yaliyoingia yalirukia juu ya ubavu, na mdogo wangu aliyakumba kwa kopo la maziwa ya unga. Kwenye bisho tulimwacha rafiki yangu mbali, na sitasahau furaha ile.

Mzunguko wa pili, tukirudi na upepo mgongoni, nikasikia mlio mrefu, ule wa kitenge kinapochanwa sokoni Kadutu. Mshono wa ukingo wa nyuma wa tanga ulikuwa umefunguka urefu wa mkono. Aliyelishona alitumia uzi wa pamba, tena mstari mmoja. Pamba inaoza kwa unyevu na jua. Tanga linataka uzi wa polista na mshono wa zigizaga, ili kitambaa kikivutika mshono nao uvutike. Nilimweleza hayo yote kabla hajaanza, naye akaitikia. Hilo ndilo limeniuma kuliko pesa.

"Yaya, legeza!" akapiga kelele mdogo wangu; yaya ndiye mimi, mkubwa wake. Nikalegeza kamba ya tanga, ile ambayo watu wa pwani wanaiita demani. Mwendo ukafa, wimbi la pembeni likatukuta, tukapinduka.

Jile zina mkanda unaopita katikati ya miguu. Msinunue zisizo nao. Majini zinapanda mpaka masikioni. Zetu zilikaa kifuani, vichwa juu, mikono huru. Tangu Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilipozama karibu na Kituku kule Goma, watu wakiiona kutoka ufukoni, nyumbani kwetu hakuna anayeingia ziwani na jile ikiwa chini ya kiti.

Fundi alinilazimisha pia kufunga madumu sita matupu chini ya viti. Niliyaona mzigo. Tulipokanyaga ule ubao wa katikati, unaoshuka majini chini ya boti, na kuisimamisha boti, madumu hayo ndiyo yaliyoishikilia juu kiasi cha kuweza kukumbwa maji. Rafiki yangu aliacha mashindano akaja kutushikia omo, kwa hiyo hatuna mshindi.

Ufukweni niliigeuza boti, nikaazima nyundo ya mzee, nikagonga viraka vyote kumi na moja. Vyote vililia "ko". Kasoro niliyoikuta kwake ni skrubu za chuma kwenye sanduku la ubao wa katikati: zimeanza kutoa kutu na maji yanatona hapo. Mkimpa kazi mzee wa aina hii, mleteeni skrubu za shaba wenyewe.

Tanga nimelipeleka kwa mama mmoja anayeshona mahema. Ameweka polista, mistari mitatu, na kuimarisha pembe zote kwa mkanda wa mifuko ya jeshi. Nimelipokea Jumamosi. Tangu hapo upepo haujavuma.