Warsha za Upigaji Picha: Je, Zinastahili Ada Zake?

Katika miaka minne iliyopita nimelipia warsha tatu za upigaji picha, mojawapo mara mbili, pamoja na kozi moja ya video ya mtandaoni. Watu wanaonunua kamera yao ya kwanza huniuliza mara kwa mara kama fedha hizo zilinirudia kwa njia yoyote au zilipotea bure, na jibu langu hugawanyika. Warsha moja ilinifaa kupita kifaa chochote nilichowahi kununua, nyingine ilinifaa kidogo kwa sababu ambazo hazikuhusu picha, na ile ya kwanza kabisa ilikula fedha na siku yangu nzima bila kuniachia ujuzi wowote. Zote tatu zilitangazwa kwa maneno yanayokaribiana, kwamba ni mafunzo kwa vitendo chini ya mkufunzi mzoefu, kwa hiyo tangazo peke yake lisingeweza kunionyesha tofauti. Tofauti ilikuwa katika jambo moja, nalo ni kama kuna mtu aliyepewa muda wa kutosha kuzitazama picha zangu mwenyewe, zile mbaya zikiwemo, na kuniambia nilichokuwa nakifanya bila kujua.

Ipo sehemu ya elimu hii ambayo haistahili kulipiwa ada ya warsha hata kidogo, nayo ni uhusiano wa tundu la lenzi (uwazi unaopitisha mwanga), kasi ya shata (muda ambao pazia la kamera hubaki wazi) na ISO (kipimo cha wepesi wa kamera kuitikia mwanga). Ukifunga tundu kutoka f/4 hadi f/5.6, kwa kuwa namba ya f ikiwa kubwa tundu huwa dogo, mwanga unaoingia hupungua kwa nusu. Ukiongeza kasi ya shata kutoka 1/125 hadi 1/250 ya sekunde, hupungua kwa nusu nyingine. Ukipandisha ISO kutoka 200 hadi 400, picha hung'aa maradufu na punguzo moja kati ya hayo mawili hufidiwa. Wapiga picha wa enzi za filamu waliokosa kipimo cha mwanga walikuwa na kanuni ambayo bado inafanya kazi: jua likiwaka wazi, weka f/16 na kasi ya shata inayolingana na namba ya ISO, yaani takriban 1/100 ya sekunde kwa ISO 100. Haya yote yamo katika kitabu cha maelekezo cha kamera na katika masomo mengi ya bure, na huingia akilini mtu anapokaa jioni mbili tatu na kikombe alichokiweka karibu na dirisha, akibadilisha namba moja moja na kuangalia kilichotokea. Warsha inayotumia nusu ya siku kuyachora mambo haya ubaoni inamuuzia mshiriki kitu ambacho tayari kilikuwa ndani ya boksi la kamera yake.

Hivyo ndivyo ilivyoanza warsha yangu ya kwanza. Tulikuwa watu wapatao 40 katika ukumbi mmoja, asubuhi tukasikiliza, na baada ya mapumziko tukaingizwa katika chumba cha pili ambako taa tatu zilikuwa zimeshapangwa na mwanamitindo ameshaketi kwenye kiti. Mkufunzi alitutajia namba za kuweka, f/8, 1/125 na ISO 100, tukapanga mstari, na kila mmoja akapewa dakika mbili hivi za kubonyeza shata kabla ya kumpisha mwenzake. Picha zilikuwa nzuri sana. Nyuso zilikuwa na uhai, vivuli vilianguka pale vilipotakiwa, nami nilirudi nyumbani nikiamini kwamba nimevuka daraja. Wiki chache baadaye ndugu yangu aliniomba nimpige picha, nikaazima taa moja na mwavuli wake, nikasimama katikati ya chumba nikiwa sijui taa niiweke upande gani, kwa urefu gani, wala umbali gani. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba picha zile za ukumbini zilikuwa za mkufunzi. Yeye ndiye aliyeufikiria mwanga. Sisi 40 tulimsaidia kubonyeza. Tena nina neno kwa wanaoziweka picha za namna hiyo katika mkusanyo wa kazi zao ili kutafutia wateja: mteja huamini kwamba unaweza kuirudia kazi ile nyumbani kwake, na siku akikuita ukashindwa, aliyeumizwa ni yeye, kwa kuwa tukio lake halitafanyika mara ya pili.

Laiti ningepiga hesabu rahisi kabla ya kulipa, ningejua. Siku ya saa nane ina dakika 480. Hata kama mkufunzi asingehutubia kabisa, dakika hizo zikigawanywa kwa watu 40 kila mmoja anapata 12. Zikigawanywa kwa watu wanane, kila mmoja anapata saa nzima. Tangu wakati huo swali langu la kwanza kwa mwandaaji yeyote limekuwa idadi ya washiriki.

Warsha iliyonifaa ilikuwa ya siku mbili na ilipokea watu wanane tu. Ada yake ilikuwa kubwa kuliko ile ya ukumbini, na nilisita sana. Kilichonifanya nipige moyo konde ni sharti lililokuwa katika barua ya kujiandikisha: kila mshiriki alete picha 100 za miezi sita iliyopita, kwa mpangilio uleule zilivyopigwa, bila kuchagua nzuri na bila kuzihariri. Nilipoanza kuzikusanya niliona aibu. Zilikuwepo zilizotikisika, zilizokata vichwa, na mfululizo wa picha 11 za mtu mmoja ambazo hazikutofautiana hata kidogo. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nikazibeba zote kama zilivyo.

Mwalimu wetu alizitandaza kwenye skrini kubwa, ndogondogo, 20 kwa wakati mmoja, akazitazama kimya kwa dakika kadhaa. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: "Kwa nini husogei?" Akanionyesha kwamba katika karibu picha zote nilikuwa nimesimama wima, kamera ikiwa usawa wa macho yangu, umbali wa hatua nne hivi kutoka kwa ninayempiga, awe mtoto, mzee au mtu aliyeketi chini. Watoto wote walionekana kutokea juu, paji la uso likiwa kubwa kuliko kidevu. Halafu akachukua karatasi mbili nyeupe akaziegemeza kwenye kingo za picha moja, akizisogeza polepole kuelekea katikati, hadi ilipobaki sehemu ndogo yenye mikono miwili iliyoshika kitambaa. "Hii ndiyo uliyoiona," akasema, "lakini uliogopa kuikaribia." Hakuna video wala kitabu ambacho kingeniambia hivyo, kwa sababu hakuna video iliyowahi kuziona picha zangu.

Somo la mwanga lilifanyika kwa taa moja na ukuta mmoja. Alimketisha mmoja wetu mita moja mbele ya ukuta wa kijivu, akaiweka taa mita moja kutoka usoni pake, tukapiga: uso uling'aa na ukuta ukawa na giza. Kisha akairudisha taa nyuma hadi mita nne, akatuambia tufungue tundu la lenzi mpaka uso uwe na mwanga uleule wa mwanzo, tukapiga tena: ukuta ukawa mweupe karibu sawa na uso. Ni taa ileile, mtu yuleyule, ukuta uleule. Ndipo akaeleza sababu. Mwanga wa taa hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali, kwa hiyo taa ikiwa mita moja kutoka usoni, ukuta ulio mita mbili kutoka kwenye taa hupata robo tu ya mwanga unaofika usoni. Taa ikiwa mita nne, ukuta ulio mita tano hupata asilimia 64. Nilikuwa nimeshaisoma kanuni hiyo mara nyingi na hata kuikariri, lakini mpaka siku ile ilikuwa maneno matupu. Alitutaka pia tukitazame kivuli cha pua kila taa iliposogezwa: karibu, ukingo wake ulikuwa laini na wa kufifia, mbali, ukawa mkali kama uliokatwa kwa mkasi. Baada ya hapo kila mmoja wetu aliachiwa taa aipange mwenyewe, akosee, na arekebishe. Tulikosea sana, na muda wa kukosea ulikuwa umetengwa katika ratiba.

Siku ya pili tulipelekwa katika karakana ya seremala. Nilipiga picha kama 30 za fundi akipiga randa, nikaridhika, nikashusha kamera. Mwalimu alikuwa nyuma yangu. Alinigusa bega akasema kwa sauti ya chini, "Bado hujamaliza. Endelea kumtazama fundi." Nikasubiri. Fundi aliweka randa chini, akapuliza vumbi, akauinua ubao hadi usawa wa jicho, akafumba jicho la pili na kuutazama ukingo wake wote tangu mwanzo hadi mwisho, mwanga wa dirisha ukiwa umemwangukia shavuni. Picha hiyo ndiyo pekee ninayoitunza kati ya zote za siku hizo mbili. Somo lenyewe lilichukua sekunde chache, lakini lilihitaji mtu anayejua awe amesimama pale pale, wakati ule ule, akinitazama mimi na kumtazama fundi.

Warsha nyingine niliyolipia ilikuwa ya safari ya kupiga picha za mandhari. Tuliamshwa kabla ya alfajiri, tukafikishwa mahali pazuri, tukafunga stendi za kamera, na mkufunzi akafunga ya kwake mbele kabisa akaanza kupiga picha zake. Alijibu maswali kwa adabu alipoulizwa. Mtu anayetaka safari yenye wenzake wanaoelewa kwa nini anasubiri jua kwa saa mbili atafurahia, na mimi nilifurahia. Ila anayeilipia kama mafunzo ajue kwamba ananunua usafiri na kampani.

Kozi ya video ilinifaa katika uhariri tu, kwa kuwa hapo unaweza kusimamisha, kurudia na kufanya pamoja na mwalimu hatua kwa hatua. Kwa mfano, nilielewa kwa nini faili ya RAW ya biti 14, yaani picha ghafi kama kamera ilivyoinasa, inavumilia kurekebishwa kuliko JPEG, picha iliyokwisha kubanwa na kamera: ya kwanza ina viwango 16,384 kwa kila rangi, ya pili ina 256.

Kabla ya kulipa chochote, inafaa kujua kwamba ada kubwa haipimi ubora. Eddie Adams, mpiga picha wa habari aliyepata tuzo ya Pulitzer mwaka 1969, alianzisha mwaka 1988 nchini Marekani warsha inayobeba jina lake, ambayo huchagua washiriki 100 kwa kuangalia kazi zao na haiwatozi ada ya masomo. Mwaka uliofuata, 1989, David Goldblatt alianzisha Market Photo Workshop huko Johannesburg ili kuwafungulia mlango wa fani hii wale ambao ubaguzi wa rangi uliwazuia kuipata. Wote wawili walikuwa wapiga picha wakubwa waliotoa muda kwa wanaochipukia, na mipango ya namna hiyo inastahili kutafutwa kwanza.

Pale unapolazimika kulipa, mwandikie mwandaaji kabla ya kutuma fedha. Muulize washiriki watakuwa wangapi, kama picha zenu za zamani zitaangaliwa na kwa muda gani kila mmoja, nani atakayepanga taa, na kama mkufunzi atakuwa anapiga picha zake mwenyewe saa za mafunzo. Omba kuona kazi za karibuni za mkufunzi katika aina ya picha unayotaka kujifunza, maana bingwa wa harusi si lazima awe bingwa wa wanyamapori. Uliza pia kuhusu kurudishiwa fedha warsha ikiahirishwa, na ulipate jibu kwa maandishi. Mwandaaji wa ile ya watu wanane alinijibu maswali yote siku hiyohiyo, tena kwa namba. Mwaka jana mwingine alinijibu kwa kunitumia tangazo lilelile nililokuwa nimeshalisoma, nikaacha.

Kuhusu cheti, sijawahi kuulizwa na mteja hata mmoja. Wote huomba kuona picha.

Kwa anayeanza kabisa, ushauri wangu ni kusubiri. Apige kwa miezi sita, ajue vitufe vya kamera yake gizani, na akusanye picha nyingi ambazo hazimridhishi bila yeye kujua kwa nini. Akienda kabla ya hapo, hata mwalimu bora atakosa cha kumkagulia, na saa yake itaishia kwenye vitufe. Anayepiga picha kwa ajili ya kumbukumbu za familia tu, naye ameridhika nazo, hana haja ya warsha yoyote, na fedha hizo zitamfaa zaidi akichapisha picha zake.

Mimi nilirudi kwa mwalimu yuleyule baada ya mwaka mmoja, nikiwa na picha nyingine 100 zilizopangwa kama zilivyopigwa. Safari hii nilikuwa nimesogea. Watoto walionekana kwa usawa wa macho yao, na mikono ilikuwa imekaribiwa. Alizipitia kwa utulivu, akatabasamu mahali pawili, halafu akarudi nyuma hadi safu ya pili na kuniuliza kwa nini karibu watu wote katika picha zangu wanatazama upande wa kushoto. Nilikuwa nimezitazama picha hizo mwaka mzima na sikuwahi kuliona hilo. Tayari nimejiandikisha kwa mara ya tatu.