Miezi saba na wazoa taka wetu wa Cimpunda

Majirani wananiuliza kila wiki kama hela ninayotoa kwa wale vijana wa taka inarudi. Nimeona heri niandike mara moja.

Ninalipa dola 3 kwa mwezi. Naishi Cimpunda, komini ya Kadutu, mjini Bukavu, juu kabisa mlimani, mahali gari halifiki. Vijana wanapita Jumanne na Ijumaa asubuhi, wanabeba magunia mgongoni hadi barabarani. Katika miezi saba wamekosa siku nne, zote za mvua kubwa, na siwalaumu. Ukijua njia zetu zinavyoteleza hutamtuma mtoto wa mtu ateremke na gunia zito.

Sharti lao ni magunia mawili: moja la maganda ya ndizi na mihogo, vijiti vya sombe (majani ya muhogo) na vyote vinavyooza, jingine la chupa na plastiki. Wiki ya kwanza nyumbani tulichanganya kila kitu. Sasa kitinda mimba wangu, wa miaka sita, ndiye anayewasimamia wageni wakitaka kutupa kitu.

Zamani tulikuwa tunangoja mvua. Ikinyesha, kila nyumba inamwaga uchafu wake kwenye mfereji, maji yanaubeba mpaka Ziwa Kivu, basi tunaona tumefanya usafi. Lakini ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Ruzizi, na mto wenyewe unaanzia hapa hapa Bukavu. Chupa zinasukumwa hadi kwenye bwawa la Ruzizi I, zinaziba njia ya maji, mitambo inasimama na umeme unakatika. Mimi ni mshonaji. Nimeshona sare za shule kwa mwanga wa mshumaa usiku mwingi, nikilalamika, na kumbe chupa zangu nazo zilikuwa zimeteremka huko. Hilo liliniuma sana.

Kitu kilichonishika zaidi, hata hivyo, ni makala. (Ndugu wa Dar na Mombasa, huku makaa tunayaita makala.) Yale maganda wanayaanika, wanayachoma kwenye pipa lililofunikwa hadi yawe meusi, wanayasaga, wanayachanganya na uji wa unga wa muhogo, kisha wanayashindilia. Yanatoka ya duara, yenye tundu katikati, mepesi mkononi kama mkate mkavu. Wateja tunauziwa kwa bei nafuu.

Niliyajaribu kwa maharage. Kuwaka yanachelewa, lazima uanzishe moto kwa makala ya kawaida kidogo. Yakishashika, moto wake ni wa polepole na sufuria haisongwi na moshi. Maharage yaliiva bila mimi kuongeza chochote kwenye mbabula, jiko letu la makala. Jivu ni jingi kuliko la miti, ujue hilo. Gunia la makala ya miti lililokuwa linaniishia kwa wiki mbili sasa linavuka wiki ya tatu, na hiyo kwangu ni furaha ya pekee, kwa sababu sehemu ya makala tunayonunua hapa mjini inatoka kwenye miti ya Kahuzi-Biega, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1970 ambamo gorila wetu wanaishi. Msitu ule ukiisha hatuna mwingine.

Sasa kasoro. Mwezi wa tatu nilikuwa barabarani nikaona magunia yote, ya maganda na ya chupa, yanamwagwa pamoja kwenye gari moja. Nilimfuata kiongozi wao. «Mama, utusamehe, siku hiyo tulikuwa na gari moja tu.» Nikamwambia, «Mwanangu, mimi nimechambua uchafu kwa mikono yangu wiki nzima. Mkichanganya tena, nyumba zote za avenyu yetu zitaacha.» Tangu hapo gunia la chupa lina kamba nyekundu na linaondoka peke yake. Nimekwenda mara mbili kuhakikisha.

Kwa komini nina ombi moja: siku ya salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi, tunafagia vizuri, kisha lundo linabaki kando ya mfereji hadi mvua inalirudisha. Mtuwekee mahali pa kulipeleka siku ile ile.

Unayetaka kujiunga, anika maganda juu ya bati kabla ya kuyatia guniani, yasinuke. Na makala ya maganda yanunue mwezi wa Agosti, uyaweke ndani. Mvua zikianza Septemba hayakauki vizuri, na yaliyo mabichi yanatoa moshi.