Mitoo michungu au ile ya kawaida, upande gani?

Wanaotaka kuanza kupanda mitoo, hii mboga ya majani ya kienyeji, kwanza jueni ziko aina mbili. Ile michungu (Crotalaria brevidens) ina majani ya kijani yenye usamawati kidogo na maganda membamba, na ile isiyo chungu (Crotalaria ochroleuca) majani yake ni kijani kibichi, maganda manene, ukiyatikisa yakikauka unasikia mbegu zikicheza ndani. Hiyo ya pili Tanzania wanaiita marejea, wengi huipanda kurutubisha udongo tu, na mimi naona ni hasara kutoila.

Kupanda zote ni sawa, mbegu ni ndogo sana so changanya na mchanga mkavu ndo zisirundikane, chora mistari ya kama sentimita 30, fukia juujuu tu, na usimwage mbolea ya yuria maana mizizi inajitengenezea naitrojeni yenyewe.

Sokoni sasa, Kisumu na Kakamega wazee wanataka michungu, inapikwa na mrenda na maziwa uchungu unapungua, lakini mjini kwa watu wasioizoea peleka ile ya pili. Ukiwa na shamba dogo la kula na watoto mi nasema ochroleuca, na acha mashina machache yakomae upate mbegu.