Uzoefu wangu: wiki kumi za kozi ya ramani na historia ya Ulaya

Mimi ni mwongoza watalii hapa Arusha, huu ni mwaka wangu wa kumi na moja. Mwaka juzi nilimpeleka Ngorongoro mzee mmoja Mjerumani, mtu mpole, aliyejua mambo mengi ya kwetu kabla hata hajapanda ndege. Nikamuuliza kwao ni wapi. Akasema Duisburg. Nikaitikia tu, maongezi yakaishia hapo. Iliniuma. Ninakaa na wageni siku saba ndani ya gari moja, wananiuliza kila kitu kuhusu nchi yangu, na mimi sina hata swali moja la maana la kuwauliza kuhusu yao.

Masika iliyofuata, kazi zilipopungua, nikalipia kozi ya mtandaoni ya jiografia ya dunia na historia ya Ulaya, kuanzia Zama za Kati hadi Mapinduzi ya Viwanda. Wiki kumi, kwa Kiswahili. Kila wiki kuna video nne za dakika ishirini hivi, na Jumamosi usiku mnakutana na mwalimu moja kwa moja. Ada ni shilingi 95,000, nikailipa kwa simu kwa awamu mbili.

Kilichonifanya nisiache njiani ni jinsi walivyoanza. Wiki ya kwanza yote hakuna mfalme wala vita. Unapewa ramani tupu ya Ulaya na kuambiwa uchore maji na milima. Rhine kutoka Alpi za Uswisi hadi Bahari ya Kaskazini. Danube kutoka Msitu Mweusi, kusini magharibi mwa Ujerumani, hadi Bahari Nyeusi. Unachora, unafuta, unachora tena mpaka mkono uzoee. Mwalimu alirudia kila mara kwamba mzigo mzito wa enzi zile ulikwenda kwa maji, kwa sababu barabara zilikuwa tope. Mimi niliyewahi kulala garini nikisubiri kuvutwa kutoka kwenye udongo mweusi sikuhitaji maelezo zaidi.

Wiki ya pili ikaja ramani yenyewe, na humo nikakutana tena na Duisburg. Mchora ramani Gerardus Mercator alizaliwa Rupelmonde, Flanders, katika Ubelgiji ya leo, mwaka 1512. Mwaka 1544 alifungwa miezi kadhaa kwa tuhuma za uzushi wa dini. Mwaka 1552 akahamia Duisburg, na ni akiwa huko alipotoa ramani yake ya dunia ya mwaka 1569. Alimtengenezea baharia: ukipiga mstari ulionyooka juu ya ramani ile, umepata mwelekeo mmoja wa dira wa kushika kutoka bandari hadi bandari. Lakini kadiri nchi inavyokuwa mbali na ikweta, ndivyo inavyovimba. Ndiyo maana Greenland inaonekana kama inalingana na Afrika, wakati Afrika ni kubwa kuliko Greenland mara 14 hivi.

Zoezi la wiki hiyo nililifanya na mwanangu wa darasa la sita, kwa tufe tuliloazima shuleni kwake. Tuliweka karatasi laini juu ya Greenland, tukachora umbo lake, tukalikata na kulihamishia Afrika. Mtoto alinyamaza kidogo, halafu akauliza kwa nini ramani ya ukutani darasani kwao inasema vingine. Kwa eneo, Kongo ya Kinshasa peke yake inaizidi Greenland. Nilikuwa sijui.

Somo ninaloliweka juu ya yote ni la Hansa, ule muungano wa miji ya wafanyabiashara wa kaskazini. Samaki aina ya heringi walivuliwa kwa wingi karibu na Skåne, kusini mwa Sweden ya leo. Samaki yule huoza haraka, na chumvi ilikuwa bara, Lüneburg, kaskazini mwa Ujerumani. Mji wa bandari wa Lübeck ukakaa katikati ya vitu hivyo viwili ukatajirika. Mwaka 1398 wakamaliza mfereji wa Stecknitz, chumvi ikafika Lübeck kwa mashua badala ya mikokoteni. Na wateja? Kanisa lilikataza nyama siku za mfungo, nazo zilikuwa nyingi kwa mwaka, kwa hiyo nusu ya bara lilihitaji samaki anayeweza kusafiri. Sisi tunaokula dagaa wa Mwanza tukiwa Arusha tunaielewa biashara hiyo bila kamusi.

Tauni imefundishwa vizuri pia, kwa kufuata njia za meli: kutoka Caffa kwenye rasi ya Crimea, hadi Messina, kisiwani Sicily, mwezi Oktoba 1347, kisha bandari kwa bandari. Inakadiriwa kwamba theluthi ya watu wa Ulaya au zaidi walikufa. Mwalimu hakuishia kwenye vifo. Alionyesha jinsi vibarua walivyokuwa adimu, mabwana wa Uingereza wakatunga sheria ya mwaka 1351 ya kuzuia ujira usipande, na mwaka 1381 wakulima wakaasi. Ukabaila niliukariri kidato cha pili kama neno la mtihani. Safari hii niliona watu ndani yake.

Kuanzia hapo mwendo unakuwa wa haraka mno, na hapa ndipo malalamiko yangu yanapoanza. Gutenberg wa Mainz na uchapaji wake wa vitabu, Luther aliyelipinga Kanisa mwaka 1517, na Vita vya Miaka Thelathini vimebanwa kwenye video tatu. Poland iligawanywa na majirani zake mwaka 1772, 1793 na 1795 hadi ikafutika kwenye ramani, ikarudi mwaka 1918. Katika kozi inayojiita ya ramani, jambo hilo limepewa sentensi mbili! Wageni wa Poland ninawapata kila msimu, na ningependa kulijua kwa undani.

Wiki tatu za mwisho zinarudisha heshima. Wanaanzia Coalbrookdale, Uingereza, ambako Abraham Darby aliyeyusha chuma kwa koki, yaani makaa ya mawe yaliyochomwa kwanza kuondoa uchafu, mwaka 1709, badala ya mkaa wa miti. Kisha mashine ya mvuke ya Newcomen ya mwaka 1712, ya kuvuta maji migodini. Ilikula makaa kiasi kwamba ililipa pale tu makaa yalipochimbwa. James Watt akapunguza ulaji huo kwa uvumbuzi aliopatia hataza, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1769. Mwalimu hakuficha upande mwingine: pamba ya viwanda vya Manchester ikilimwa na watumwa kusini mwa Marekani, na sheria ya Uingereza iliyokuja mwaka 1833 tu kukataza watoto chini ya miaka 9 kwenye viwanda vingi vya nguo.

Na Duisburg tena. Katika Zama za Kati Rhine ilihama mkondo wake, ikauacha mji mbali na maji, biashara ikafifia. Karne ya 19 makaa ya bonde la Ruhr yakauinua upya, pale Ruhr inapoingia Rhine. Mzee wangu alitoka mahali ambapo mto na makaa viliamua nani atakula. Ningekuwa na mengi ya kumuuliza.

Mengine yasiyofaa: ramani zinatumwa kama picha ndogo, ukizichapisha steshenari kwenye A4 majina hayasomeki. Majaribio yanauliza tarehe tupu, kinyume kabisa na ufundishaji wenyewe. Jumamosi mbili sauti ilikatika na hakuna aliyeturudishia kipindi. Kibaya zaidi, cheti kinalipiwa shilingi 20,000 zaidi, jambo ambalo hatukuambiwa wakati wa kujiandikisha. Nililalamika, nikajibiwa baada ya siku tisa kwamba ndio utaratibu.

Nimelipia sehemu ya pili, ya karne ya 20, bila cheti. Ukitaka kujiunga, omba ramani za ukubwa wa A3 kabla hujalipa awamu ya kwanza, pakua video usiku bando linapokuwa nafuu, na kama una mtoto nyumbani, mweke karibu kwenye zoezi la Greenland.