Dola 30 za ukumbi au faranga 2,000 za kikundi: mazoezi yanayolipa Lubumbashi

Kwa mkazi wa Lubumbashi anayetaka kuanza mazoezi bila kupoteza fedha, ninakipendekeza kikundi cha alfajiri kinachokutana kando ya barabara ya Kasapa, na ukumbi mmoja wa mazoezi wa katikati ya mji ninauweka nafasi ya pili, ingawa una vifaa ambavyo kikundi hakina uwezo wa kuvinunua. Nimelipia huduma zote mbili.

Ukumbi hutoza dola 30 kwa mwezi, na anayelipia miezi mitatu kwa mkupuo hupunguziwa. Mashine za kukimbilia ni nzima, bafu ni safi, na jenereta huwashwa umeme unapokatika. Msimu wa mvua, hasa Desemba na Januari, faida hizo si ndogo. Tatizo ni kwamba ukikosa kuja, hakuna anayekuuliza ulikuwa wapi. Mwanzoni mwa mwezi watu husubiriana kwenye mashine, lakini mwezi ukielekea ukingoni unajichagulia upendayo, na mwenye ukumbi hapati hasara yoyote kwa kuwa fedha zilishaingia. Kusema kweli, mteja asiyekuja ndiye anayemgharimu kidogo kuliko wote.

Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima wafanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki. Anayezitimiza zote ukumbini hupata takriban saa 10 kwa mwezi, yaani kila saa humgharimu dola 3. Anayekwenda saa moja mara mbili tu kwa mwezi huilipia kila saa dola 15, kabla hata ya kuhesabu nauli ya taksi-basi.

Hesabu hii imewasumbua hata matajiri. Nchini Uingereza, ambako kwa miaka mingi huduma ya afya ilihesabiwa kuwa na thamani ikiwa mwaka mmoja wa maisha yenye afya njema haugharimu zaidi ya pauni 20,000 hadi 30,000, mpango wa madaktari kuwaelekeza watu kwenye programu za mazoezi ulikadiriwa mwaka 2011 kugharimu karibu pauni 21,000 kwa kila mwaka wa aina hiyo. Tathmini ya mwaka 2015 ikafikisha zaidi ya pauni 76,000. Gharama ya kumhudumia mtu mmoja haikupanda kwa kiasi hicho. Kilichopungua ni manufaa yaliyotarajiwa kwake.

Kikundi cha Kasapa hukusanya faranga 2,000 kwa wiki, za maji ya kunywa na posho ndogo ya kiongozi. Kiongozi huyo, papa mmoja mwalimu mstaafu, huja na daftari la majina, na asiyeonekana hupigiwa simu siku hiyohiyo. Anayechoka haachwi. Nilimsikia akimwambia mama mmoja aliyekuwa ameinama ameshika magoti, "Mama, usisimame, tembea tu polepole, tutakurudia," na kweli waliotangulia waligeuka wakamfuata, huku wakiendelea kuimba. Daftari lile na simu zile ndivyo ninavyovilipia, na katika ukumbi sikuviona kwa bei yoyote.

Kasoro zipo, na moja ni kubwa: tunakimbia ukingoni mwa barabara, malori yakipita karibu mno, na wakati wa kiangazi vumbi lake linaingia kifuani. Bogotá imekuwa ikifungia magari barabara zake Jumapili tangu miaka ya 1970, na utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulikadiria kwamba mpango huo unagharimu takriban dola 6 kwa kila mshiriki kwa mwaka. Kigali nayo ina Jumapili zake zisizo na magari tangu 2016. Jambo hilo liko juu ya uwezo wa kikundi, na ni meya anayepaswa kuulizwa. Kasoro ya pili ni yao wenyewe, kwani mgeni hupokelewa na kuanza kukimbia bila mtu kumpima presha.

Kwa hiyo mwenye presha au sukari apimwe kwanza katika kituo cha afya, kisha aombe kuwekwa kwenye kundi la watembeaji, ambalo huondoka mapema kidogo kuliko wakimbiaji. Mwenye goti bovu, au anayetaka kuinua vyuma, alipie ukumbi, lakini mwezi mmoja mmoja, na asilikubali punguzo la miezi mitatu kabla hajaona kama mwezi wa kwanza ameumaliza.